Mkatoba wa Ng'ambo ya Barabara

Pazia la sebuleni kwa wifi yangu Ozella lina doa ukingoni, upande wa kulia, pale pale anapolishika kwa vidole viwili akitaka kuchungulia. Na Ozella ni mwanamke wa kufua mapazia kila mara na kupiga pasi hata matambara ya jikoni. Lakini doa lile halitoki, kwa sababu kila likifuliwa vidole vinarudi. Ukisimama hapo ukalisogeza pazia kidogo, utaona kitu kimoja tu: uwanja wa Idonia Tate, na mkatoba wake.

Mimi ni Arvella, dada wa marehemu Clovis, mume wa Ozella. Kaka yangu alipozikwa nilihamia chumba cha nyuma ili wifi asikae peke yake. Nilikuja na sanduku moja na mdomo wangu, na huo mdomo hajausamehe mpaka leo. Ninayoyasema hapa nimeyaona kwa macho. Anayedhani natia chumvi aje barazani anikabili.

Wenye vitabu huuita mkatalpa. Sisi wa huku kwenye kingo za Mto Alabama tunasema mkatoba, na hakuna anayeupanda kwa ajili ya kivuli wala yale maua yake meupe. Tunaupanda kwa viwavi. Viwavi wenyewe ni weusi mgongoni, manjano ubavuni, wana kijipembe mkiani, na wakishanona wanalingana na kidole chako. Wakiushukia mti wanakula jani baada ya jani mpaka mti unabaki uchi katikati ya kiangazi, na mwenye mti anasimama chini yake anatabasamu. Kambare wa mto huu humwambii kitu mbele ya kiwavi wa mkatoba. Mwenye viwavi hakai mpweke: barabara nzima inaishia barazani kwake, kila mtu na kopo lake.

Clovis ndiye aliyeupanda wa Ozella, mbele ya nyumba, matawi yake yanafika juu ya bati la baraza. Alipokuwa hai, na hata miaka mingi baada yake, viwavi walikuja bila kukosa. Ukikaa pale jioni ungesikia vinyesi vyao vinadondoka batini kama manyunyu. Na miongoni mwa waliokuja na makopo alikuwamo Shemasi Hosea Broadnax, mgane, mtu mrefu, mpole, anayevua kofia hata akisalimia paka. Anachuma viwavi wake, kisha anaketi. Alimwonyesha Ozella jinsi ya kumkata kiwavi kichwa na kumgeuza ndani nje kwa kijiti cha kiberiti, kama unavyogeuza soksi, ili ule weupe wa ndani umtamanishe samaki. Ozella hajui ndoano wala mshipi na kiwavi hamgusi, lakini alitazama kama anayesikiliza mahubiri. Akamletea chai baridi yenye sukari na biskuti alizooka mwenyewe, na Shemasi akakaa mpaka kuku wakalala.

Halafu viwavi wakakata mguu. Kiangazi cha kwanza tukasema ni kawaida, mikatoba hupumzika. Cha pili mti ukasimama na majani yake yote, mabichi, makubwa, hakuna hata moja lenye tundu. Mpita njia angesema mti mzuri ule. Ozella alikuwa anautazama kama mtu aliyemtukana.

Na ng'ambo ya barabara mkatoba wa Idonia ulikuwa unaliwa mpaka mishipa ya majani.

Idonia huyu amezika waume wawili. Anavaa viatu vya mpira vya wa pili na kofia ya wa kwanza, na mtoni huwashinda wanaume. Uwanja wake usiseme. Majani ya mwaka juzi yako pale, ya mwaka jana juu yake, kiti kilichovunjika mguu, mashine ya kufulia iliyooza kwa kutu. Ozella kila asubuhi alikuwa anafagia uwanja wetu kwa ufagio wa matawi mpaka udongo unang'aa na mistari ya ufagio inaonekana, kama walivyofagia mama yake na bibi yake, kisha anawafungulia kuku wapekue kilichobaki. Kwa hiyo roho ilimuuma mara mbili.

"Uchafu ule," alisema, pazia mkononi. "Na ndiko wanakokwenda."

"Viwavi au Shemasi?"

"Wifi, mimi sizungumzi na wewe."

Maana Shemasi Hosea alikuwa akipita kwetu anavua kofia, "Habari za asubuhi, dada Ozella, dada Arvella," na miguu inaelekea kule. Anachuma, anaketi kwenye ngazi za Idonia, na kicheko cha Idonia kinavuka barabara mpaka sebuleni kwetu.

"Anacheka nini huyo?" Ozella akauliza.

"Labda Shemasi kasema la kuchekesha."

"Shemasi hasemi ya kuchekesha. Miaka yote aliyokaa barazani kwangu hajaniambia la kuchekesha hata moja."

"Labda hakuona wa kucheka naye."

Mchana ule nililetewa maharage bila nyama.

Nilikuwa namtania, lakini jambo lenyewe halikuwa utani. Mwezi wa nane kanisa letu lina Jumapili ya Kurudi Nyumbani. Waliohamia Detroit na Mobile wanarudi, meza zinapangwa nje, na kila mwanamke anaweka chakula chake. Kila mtu anajua kwamba mwanamume asiye na mke akiketi siku hiyo akala sahani ya mwanamke asiye na mume, mchungaji aanze kutafuta tarehe. Shemasi Hosea kila mwaka alikuwa anadonoa huku na huku amesimama. Mwaka ule akasema mbele ya darasa la Biblia kwamba amechoka kula wima mbele ya sinki lake. Wanawake wakatazamana. Mwaka huu ataketi.

Ozella aliniambia tukiosha vyombo. "Wifi, mimi namtaka yule mzee. Nimesema. Haya, nicheke."

Sikumcheka. Alikuwa anakikamua kitambaa cha vyombo ambacho hakikuwa na maji tena.

Siku moja ya wiki ile tuliwaona wawili hao kwenye gari la Shemasi, mashua nyuma, Idonia amekaa mbele na kopo la viwavi mapajani kama mke. Vumbi lao lilikuwa bado halijatua nilipomwona Ozella anafunga aproni.

"Unakwenda wapi?"

"Kuchukua mbegu."

Kuchukua mbegu si dhambi kwetu. Mti wako ukikosa viwavi unamwomba jirani, anakupa wachache, unawaweka kwenye majani yako, nao wakijaliwa wanashika makazi. Lakini unaomba.

"Si usubiri umwombe?"

"Nimwombe Idonia? Niende na viatu hivi nikasimame katika takataka zile niseme tafadhali? Nife kwanza."

Akavuka. Mimi nikashika zamu ya pazia. Nilimwona anapita juu ya majani kwa ncha za vidole, ameinua gauni, mpaka chini ya mti. Mwanamke ambaye hajawahi kumgusa kiwavi maishani aliwachuma kama anayechuma maharage. Aliporudi aproni ilikuwa inatembea.

"Njoo uone," akasema, macho yanang'aa. "Nimechagua. Ona hawa, wamebeba mayai."

Kweli, kila mmoja alikuwa na vitu vyeupe mgongoni, vimesimama wima kama punje za mchele. Huku kwetu kila mtu anavijua, na kila mtu atakuambia ni mayai. Mama yangu alisema hivyo, na mama yake.

"Hawa ndio majike wazazi," Ozella akasema. "Sikumbakishia hata mmoja. Nimemwachia wale wasio na kitu, madume matupu. Akae nayo, si anayapenda."

Akawapandisha mtini mmoja mmoja, kila mmoja na jani lake, huku anawasemesha. Wale viwavi wakishikwa hutapika maji ya kijani, na maji yale yakikauka kwenye ngozi yanakuwa meusi. Vidole vyake vyote vilikuwa vimeloa. Hakujali. Jioni ile aliimba akipika, na mimi nikapata nyama.

Asubuhi alitoka kuwaamkia kabla hata ya kufagia. Kesho yake pia. Alianza kupanga kwa sauti nini ataoka Shemasi akirudi kukaa barazani. Siku ya tatu akaja mlangoni kwangu na ufagio mkononi, amepooza uso.

"Wifi," akasema, "watoto wa viwavi wana mabawa?"

Nikatoka na viatu vya ndani. Wale viwavi walikuwa wananing'inia, wamenywea, wamelegea kama vidole vya glavu isiyo na mkono ndani. Zile punje nyeupe zilikuwa zimefunguka vifuniko, na juu yake wanatembea vinyigu vidogo kuliko sisimizi, wanajinyoosha mabawa, wanaruka. Hakuna jani hata moja lililoumwa.

Kwa Idonia wale walioachwa walikula, wakanona, wakashuka, na baada ya majuma machache kikaja kizazi kingine, wengi mpaka matawi yakainama. Ozella alisugua vidole kwa limau, kwa mchanga, kwa dawa ya kung'arishia mashuka. Doa likafifia kidogo, kisha akapandwa na wazimu, akavuka tena mara mbili kujaribu kwa wengine waliokuwa wameota punje baadaye, kama vile safari hii mayai yatakuwa mayai. Akarudi na vidole vibaya kuliko mwanzo.

Jumapili ya Kurudi Nyumbani ikamkuta hivyo. Akavaa glavu nyeupe. Mwezi wa nane, Alabama, jua la kukaanga yai kwenye jiwe, na mwanamke amevaa glavu mpaka viwikoni.

Meza yake ilikuwa na kuku wa kukaanga, bamia, mkate wa mahindi, pai mbili za viazi vitamu. Meza ya Idonia ilikuwa na kopo la samaki wa dukani na pakiti ya biskuti, na Idonia mwenyewe amelalia meza kwa viwiko anawasimulia watu wa Detroit habari za kambare. Shemasi Hosea alisimama katikati, sahani tupu mkononi, na wanawake wote wakajifanya hawamwoni.

"Kuna mtu kamfanyia Idonia wema," akasema kwa wanaume waliokuwa karibu. "Mti wake uliingiliwa na nyigu. Zile nyeupe mnazoita mayai si mayai, ni vifuko vya nyigu. Wanamla kiwavi kwa ndani akiwa hai, kisha wanatoka kutafuta wengine. Nilitaka niende nikawatoe wagonjwa wote nisije nikaukosa mti mzima. Nafika, nakuta mtu ameshawatoa. Hakuacha hata mmoja. Mti umepona."

"Malaika huyo," mmoja akasema.

Ozella alikuwa na kijiko cha bamia mkononi, na kijiko hakikuenda mbele wala nyuma. Mimi nikaitazama sahani yangu.

Hapo Mama Lurleen, mjane wa mchungaji wa zamani, ambaye haoni vizuri lakini haachi kitu kipite, akapaza sauti. "Ozella, mwanangu, hiyo pai utaikata na glavu? Unaumwa mikono?"

Watu wakageuka. Ozella akazivua, moja, kisha nyingine. Vidole vilikuwa vyeusi mpaka kwenye maungio, na chini ya kucha kijani. Huku kwetu doa lile halihitaji mkalimani. Na kila mtu pale alijua kwamba mti wa Ozella hauna kiwavi. Shemasi akavitazama vidole, akamtazama Idonia, akarudi kwenye vidole. Mpole ni mpole, lakini si mjinga.

Nikasema moyoni, basi, wifi yangu amekwisha.

"Nilimwomba mimi," Idonia akasema, mdomo umejaa biskuti. "Magoti yangu hayapandi ngazi siku hizi. Nikamwambia dada Ozella, nisaidie kuwatoa wale wagonjwa, akaja. Si ndiyo, dada?"

Ozella akaitikia kwa kichwa.

"Haya, Shemasi, umesimama hapo kama mwanzi," Idonia akaendelea. "Keti kwa Ozella ule. Mimi leo sina kitu cha kumpa mtu mzima."

Shemasi Hosea akaketi. Akala kuku, akala bamia, akala pai akaongeza pai. Kanisa zima liliona, na Mama Lurleen ambaye hakuona aliambiwa. Wifi yangu alikaa kando yake na vile vidole wazi juu ya meza, amepata kile alichokuwa anakitafuta, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwamwa na mfupa.

Tukirudi nyumbani, wifi akasimama kwenye kisanduku cha barua.

"Kwa nini kasema vile?"

"Kakustiri."

"Nani kamwomba anistiri?"

"Wewe hukumtaka Shemasi?"

"Nilimtaka. Sikutaka kupewa." Akazikunja zile glavu ngumini. "Kanipa mbele ya watu, kama unavyompa mtu gauni lisilokutosha."

Ilinikera mno, nikavuka barabara mimi mwenyewe nikamuuliza Idonia. Alikuwa anapara samaki, hakuinua hata kichwa.

"Arvella, mimi nimezika wawili, na wote niliwafulia. Nataka mtu wa kushika kasia, sitaki mtu wa kufuliwa soksi. Mwambie wifi yako amchukue na amtunze. Siku ya mto tu ndiyo yangu."

Nikampelekea Ozella maneno hayo neno kwa neno. Hakuyaamini.

"Hakuna mwanamke asiyemtaka Hosea," akasema.

Mimi namjua mmoja. Hosea akitafuna anasikika mpaka chumba cha nyuma.

Walioana kabla ya Krismasi. Shemasi akahamia na viatu vyake, fito zake za kuvulia na kopo lake, na mimi nikabaki chumbani kwangu kwa sababu hakuna aliyethubutu kunitoa. Nilidhani pazia sasa litapumzika. Kiangazi kilipoanza, mti wetu ukaota majani mazima, wa Idonia ukajaa viwavi, na Shemasi Hosea kila asubuhi akanywa kahawa ya mkewe, akachukua kopo, akavuka barabara. Wifi yangu akarudi dirishani. Safari hii ilikuwa mbaya zaidi, maana zamani alikuwa anamwonea wivu mwanamume asiye wake.

"Kwani ni lazima ukae kule muda wote ule?" alimuuliza siku moja mezani.

"Nachuma tu, mke wangu."

"Unachuma kwa kucheka?"

Shemasi akaweka uma chini. Akamweleza taratibu kwamba kiwavi akishanona hushuka mtini akajifukia udongoni, chini ya majani makavu, alale hapo mpaka atoke nondo wa kutaga tena. "Kwa Idonia wanalala. Kwako, tangu ulipoanza kufagia mpaka chini ya mti, wakishuka wanakutana na ufagio wako, na ukipita ufagio wanakuja kuku. Ndiyo maana."

Ozella akakusanya sahani akazipeleka jikoni. Kesho yake sikusikia ufagio. Nilidhani kafa, nikatoka mbio. Alikuwa amekaa kwenye ngazi, amekalia mikono yake yote miwili, anautazama uwanja. Kuku walikuwa wamefungiwa bandani wanalalamika. Na chini ya mkatoba lilikuwa limeanguka jani moja, na hakuliokota.

Huyu ni mwanamke ambaye mama yake alimfundisha kwamba uwanja mchafu ni aibu ya ukoo. Majani yalianguka kiangazi hicho na vuli ile, yakarundikana, mvua ikayanyeshea, maganda marefu ya mkatoba yakaoza juu yake. Watu walipunguza mwendo wakipita. Mke wa mchungaji alileta supu akidhani nyumbani kuna mgonjwa. Ozella aliipokea supu, akashukuru, akaingia chumbani akalia. Lakini ufagio hakuushika.

Na kiangazi kilichofuata wakaja. Aliwasikia kabla hajawaona, yale manyunyu juu ya bati. Alitoka na gauni la kulalia akasimama chini ya mti, vinyesi vinamdondokea kichwani, anacheka peke yake. Katika majuma mawili mti ulikuwa uchi. Shemasi alichuma hapo hapo uwanjani kwake, akaketi barazani kwake, akanywa chai ya mkewe. Barabara hakuivuka tena. Mti wa Idonia mwaka ule ulipumzika, jani haliumwi, na Ozella alikuwa akiutazama bila hata kujificha. Nilimwona ananenepa kwa furaha.

Ikadumu siku chache. Asubuhi moja nilisikia viatu vya mpira vinapanda ngazi zetu.

"Hodi jamani," Idonia akasema, kopo mkononi. "Nasikia siku hizi viwavi wako huku."

Hakungoja kukaribishwa. Akavuta kiti kilicho kando ya Shemasi, akavua viatu, akanyoosha miguu. Shemasi akamwambia kitu kwa sauti ya chini, Idonia akaangua kicheko, na Shemasi naye akacheka mpaka akafuta macho. Ozella akainuka akaenda jikoni kutengeneza chai, maana mgeni aliyefuata viwavi hanyimwi chai, ndivyo Clovis alivyoiweka nyumba ile tangu mwanzo.

Chai ilichelewa. Nikamfuata. Birika lilikuwa linachemka peke yake, na wifi yangu alikuwa amesimama kwenye dirisha la jikoni, lile linalotazama barazani, amelishika pazia kwa vidole viwili. Pazia lile lilikuwa jipya, la harusi. Nimelitazama jana, nalo limeanza kuwa na doa.